Minyaa Iliyofutwa Pichani

Asubuhi ile Mama Paulina, mjane wa Bahi, alikuta minyaa ya mpakani imeng'olewa yote, trekta limepita, na jaruba lake la mpunga limeungana na la jirani. Baraza la ardhi lilikuwa likae saa nane mchana. Ushahidi uliobaki ni picha ya droni iliyopigwa na wapima ramani wiki iliyopita, na picha nayo, loo, haikuwa na mnyaa hata mmoja!

"Basi mimi mwongo, mwanangu?" alimwuliza Inspekta Flaviana, huku akilia.

"Pole, mama. Jirani yako nani?"

"Simjui. Amenunua juzijuzi, humtuma mkewe, Ester."

Flaviana akaenda Dodoma mjini, kwenye ofisi ya wapima ramani. Waliokuwa na uwezo wa kuifungua picha ni wawili: Sila, mrusha droni, na bosi wake, Zablon.

"Mkamate Sila. Kapiga yeye, katengeneza yeye," alisema Zablon. Simu yake ikaita. "Ester, nitachelewa," akajibu na kukata.

Sila alikuwa chumba cha pili, mbele ya kompyuta. "Afande, sijafuta kitu!"

"Tulia. Picha mnaitengenezaje?"

"Ni kubwa mno, kompyuta haiimezi nzima. Programu huikata vipande, husafisha kimoja kimoja, kisha huviunga. Zamani vipande vilikutana ukingo kwa ukingo, viungo vikaonekana kama viraka. Safari hii nimevipandanisha. Kila kipande kimebeba ukingo wa mwenzake, na ziada hutupwa wakati wa kuunga."

"Bosi anajua?"

"Hapana, siku nilipobadilisha alikuwa safarini."

"Vipande vyenyewe vipo? Fungua cha mpaka. Haya, na kinachopakana nacho."

Cha kwanza kilionyesha tope tupu. Cha pili, pembeni, kwenye eneo lilelile, minyaa imesimama mstari mmoja!

"Angefuta Sila, angefuta kotekote, maana ndiye aliyevipandanisha," Flaviana alisema, akimgeukia bosi aliyekuwa ameingia. "Aliyefuta alidhani vipande havipandani. Njia ya mwongo fupi, Bwana Zablon. Ester wako amenunua wapi shamba?"

Zablon alikaa chini.

"Nilituma watu wamwombe yule mjane aniuzie, akakataa! Mfereji unaingilia kwake. Bila maji, langu ni malisho ya mbuzi tu."

Saa nane Mama Paulina aliingia barazani na mzigo wa matawi ya minyaa kichwani, yaleyale yaliyong'olewa. Aliitazama picha ya kile kipande cha pili, akaugusa mnyaa wa mwisho, uliopinda.

"Huu aliupanda marehemu," alisema. "Minyaa haifi upesi, wanangu. Nionyesheni mstari ulipopita, nikairudishe ardhini."