Friji ya Dada Kabula

Kila asubuhi kabla ya shule, Robi alitumwa dukani kwa Chrispine, pale Isebania, Kenya. "Nipe mkate. Nipe maziwa," alisema, naye Chrispine akampa huku akimtania. Hakuna aliyeona ubaya wowote.

Likizo ya Agosti, babake alifanyiwa upasuaji wa jicho mjini Mwanza, Tanzania. Robi alienda naye ili amshike mkono njiani. Walipanga chumba katika gesti ndogo karibu na hospitali. Ilikuwa gesti ya kawaida tu, lakini Robi alipigwa na butwaa. Maji ya moto yalitoka ukutani bila kuni wala sufuria! Kupitia dirishani aliona mawe makubwa kuliko darasa lao, na juu ya mawe hayo, nyumba za watu. Alisahau hata njaa.

"Robi," Baba alimwita, jicho likiwa limefungwa bendeji. "Dawa hii isipokaa kwa baridi itaharibika, na hili jicho nitalipoteza. Peleka mapokezi, wako na friji."

Robi alishuka mbio. "Nipe nafasi kwa friji," alimwambia mhudumu, Dada Kabula.

"Friji ni ya soda," Kabula alijibu akikunja mashuka.

"Nipe tu kidogo."

"Mtoto, hapa hatuamrishwi."

Robi alirudi chumbani machozi yakimlengalenga. Chupa ilikuwa imeanza kupata joto mkononi mwake.

"Ulisema nipe?" Baba aliuliza. "Huku wanasema naomba."

"Lakini Baba, Nyanya alinikataza kuombaomba kwa watu."

"Huku si kuombaomba. Ni adabu. Rudi haraka."

Robi alishuka tena, aibu imemjaa. "Shikamoo, dada. Naomba uniwekee dawa ya Baba. Ni ya jicho. Samahani, sikujua."

Kabula aliacha mashuka. "Marahaba, mdogo wangu." Alitoa soda mbili kwenye friji, akaiweka chupa ya dawa hapo. Kisha akasema kwa upole, "Pole na kuuguza."

Robi aliduwaa. Hakuwahi kusikia anayemtunza mgonjwa akipewa pole. Neno hilo lilimwingia moyoni kuliko maajabu yote ya Mwanza.

Siku ya nne bendeji ilitolewa, na Baba akautazama uso wa binti yake kwa macho mawili.

"Ukifika ugenini, jifunze kwanza heshima ya wenyeji," alimwambia. "Ulidhani unajishusha, Robi. Kumbe ulikuwa unaniokolea jicho."