Armel kwa Apollinaire

Jumamosi hiyo duka la simu la Ruphin pale mtaani Point halikuwa na pa kukanyaga. Nusu ya watu walileta simu, nusu walileta midomo. Msimu wa hoki ulikaribia, makapteni walikuwa huru kubadilishana wachezaji, na wanaume wa Point walikuwa wakibishana bei ya kila mtu.

"Armel wa Pinetown ni chipukizi tu," alisema Hardy, mshambuliaji wao. "Tuwape beki wetu Apollinaire, watashukuru. Kapteni wao iko mwanamke, hajui bei."

"Apollinaire wa goti bovu?"

Waligeuka. Nyuma yao alisimama dada mwenye gauni la kitenge cha njano, nywele zimesukwa zikasukika, mkononi simu ya kioo kilichopasuka.

"Kapteni wao ni mimi, Laetitia. Bei naijua. Nitengenezeeni simu kwanza."

Ruphin, kapteni wa Point, hakuwahi kutengeneza simu polepole hivyo.

Tangu hapo alimpigia kila jioni, Laetitia akifunga saluni yake Pinetown.

"Chérie, mpenzi wangu, umekula?"

"Nimekula. Armel simtoi."

"Nani ametaja Armel? Niko nauliza chakula."

"Mtu wa Point haulizi chakula bure, bana."

Walicheka, kisha wakabishana. Ruphin alisema chipukizi ni ahadi, na ahadi haifungi goli. Laetitia alisema sifa za Apollinaire za mwaka jana nazo hazizuii goli. Mwishowe dada akakubali. Alijiambia kwamba timu yake ilihitaji beki mzoefu. Uongo. Alimpenda yule mwanaume, akataka kumfurahisha.

Wakapeana mikono mbele ya timu zote mbili. Kwa desturi yao, ikishafika hapo mchezaji harudi mpaka msimu uishe. Hardy akamsogelea Laetitia akicheka.

"Eish, sister. Ruphin alituambia tusubiri tu. Atakupigia simu kila jioni mpaka ulegee."

 Kuanzia siku ile Laetitia hakupokea simu za Ruphin. Saluni alisuka kichwa cha mteja akafumua, akasuka tena. Simu ikilia aliogopa ni yeye, na isipolia aliogopa zaidi. Je, kila "chérie" ilikuwa ya kumpata Armel?

Ruphin naye hakulala. Maneno yale aliyasema kweli. Wenzake walimcheka kwamba mwanamke wa Pinetown amemshika, atamgawia timu nzima, naye kwa kulinda ukapteni akafunika mapenzi kwa majigambo. Kiburi si maungwana. Sasa alibonyeza namba ileile mpaka kidole kikauma.

Siku ya mwisho ya kubadilishana alifika uwanjani Pinetown na shati jeupe lililopigwa pasi, kwapa zimelowa jasho. Timu zote mbili zilikuwepo.

"Kuna mchezaji namtoa," alisema. "Ni mimi."

"Kapteni, acha mchezo," Hardy akasema.

"Hardy, nilichowaambia kilikuwa uongo. Nilimpigia kwa sababu nampenda. Mbele yenu niliona haya."

 Laetitia alitazama nyasi. Je, kama hii nayo ni mbinu? Lakini Armel alikuwa ameshahamia Point. Hapa Ruphin alikuwa anatoa tu, hapati.

"Unataka nani badala yako?" aliuliza.

"Simtaki mtu."

"Huyu hakimbii tena," alisema Apollinaire akikanda goti lake. "Na pasi zake zinaenda kwa adui. Mimi nisingemchukua."

Watu wakacheka. Ruphin hakucheka. Alikuwa ameshawapoteza wa Point, na Laetitia akimkataa, hana pa kwenda.

"Utaanzia benchi," Laetitia alisema.

"Benchi sawa."

"Sijamaliza. Jumapili uje kwa kaka yangu Athanase. Huko watajadili bei yangu mimi, mahari, na usithubutu kuwaletea habari za Apollinaire."



"Nije na nani?"

"Na wajomba zako. Lakini fikiria vizuri kwanza. Kaka Athanase hajui kubadilishana. Akitoa, ametoa."

"Nimefikiria," alisema Ruphin, akanyoosha mkono, na Laetitia akaushika mbele ya watu wote.