Nyuki Walipohama Mvumo

Amne aliwaona nyuki kabla hajauona wizi. Walikuwa wamening'inia chini ya upenu wa nyumba ya marehemu mzee Kanji, ambayo sasa ilikuwa ofisi ya Mvumo, kundi zima, kama kanzu iliyosahauliwa kwenye kamba, wakitikisika taratibu kana kwamba wanapumua usingizini. Moshi wa mwisho wa kiangazi ulikuwa umetanda, ule unaoifanya Tabora ifanane na mji unaoukumbuka kuliko mji unaouona.

Mwisho wa uani, ukiegemea ukuta wa nyumba, mzinga ulikuwa wazi. Mfuniko ulilala vumbini. Ndani mlibaki masega tu, na pale kilipokaa kifaa palikuwa na alama ya mraba kwenye nta na waya uliochomolewa.

Kifaa hicho ndicho kilikuwa kampuni. Mvumo ilikuwa na watu wanne na wazo moja: kisanduku cha plastiki kinakaa mzingani, kinasikiliza nyuki, na kila asubuhi kinamtumia mfugaji ujumbe kumwambia kama asali imeiva. Vingine vilikuwa porini, Puge na kwingineko. Hiki cha uani ndicho mwekezaji, mama mmoja kutoka Dar aitwaye Janvi, angekuja kukifungua na kukikagua saa sita mchana.

"Nani alifika wa kwanza leo?" aliuliza Sameer.

Alisimama mlangoni, mjukuu wa Kanji na mwanzilishi wa Mvumo, shati lake jeupe la mikono mirefu limefungwa vifungo hadi vifundoni mwa mikono. Joto lilikuwa limeshaanza.

"Mimi," alisema Deus. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba kama andazi. "Shikamoo, dada Amne."

"Marahaba. Huo mkono?"

"Nilijaribu kurudisha mfuniko. Hawakupenda."

Shikamoo ilikuwa imekatazwa ofisini. Sameer alikuwa amechora maneno ukutani kwa rangi ya asali: UWAZI. KUAMINIANA. SOTE SAWA. Kwa sababu ya neno la pili hakukuwa na mlango uliofungwa wala droo yenye ufunguo, mchana na usiku. Kwa sababu ya la tatu kila mtu aliitwa kwa jina lake tupu. Deus, mtoto wa wafugaji wa ng'ombe wa Ziba, alijaribu wiki moja, akashindwa, akarudia shikamoo zake.

"Msukuma huyu," alisema Kalpesh, mtengeneza programu, akiwa ameegemea ukuta, "ukimnyima ng'ombe atachunga hata nyuki wa watu."

"Na wewe ukipewa sega utauliza chaja yake iko wapi," alijibu Deus.

Sameer hakucheka. Aliinamisha kichwa kwenye simu, kidole gumba kikatembea kidogo, kisha akainua macho. "Deus ana miezi miwili hapa. Ameumwa na nyuki. Mimi nitaita polisi kabla mgeni hajafika."

Simu ya Amne ilitetemeka. Ilikuwa saa tatu, na ujumbe ulikuwa ule wa kila siku: *Mzinga wa uani: nyuki watulivu, asali bado.* Aliutazama kama mtu anavyotazama kalenda, akairudisha simu mfukoni.

"Nipe mpaka mgeni afike," alisema. "Hawa watu niliwaajiri mimi. Kama nimeajiri mwizi, nitamtoa mwenyewe."

Aliajiri kwa maadili, si kwa vyeti. Kila mwombaji alikalia kigoda kimoja, na mwishoni Amne alimwambia atege sikio ukutani, mzinga ukiwa upande wa pili, akamuuliza: "Nyuki wanasemaje?" Wenye digrii walizungumzia ushirikiano na uongozi. Deus alisikiliza kwa muda mrefu, akasema, "Sijui." Amne alimwajiri siku hiyo hiyo. Kisha alikwenda Ziba, akakaa kwenye mkeka wa mama wa Deus, akamwambia kuwa mwanawe yuko mahali salama. Sasa ilimbidi alipime neno hilo.

Alianza na Kalpesh, kwa sababu begi lake lilikuwa na kufuli.

"Nyumba hii haina kufuli hata moja," alisema Amne. "Wewe umeanza lini?"

"Dada, ni mambo yangu."

"Fungua."

Ndani kulikuwa na koti jeusi na tai. Kalpesh alikuna shingo. "Nina usaili jioni, kwa video. Kampuni ya Dar."

"Na kifaa ni zawadi ya kwendea?"

"Kifaa? Sijawahi kukifungua hata siku moja. Mimi natengeneza programu ya kwenye simu tu. Mle ndani ni kwa Sameer peke yake, anasema ni siri ya biashara."

"Kikitolewa mzingani kinaendelea kutuma?"

"Kitumeje? Kinakula umeme wa ule waya. Ukichomoa, kimekufa."

Amne aligeukia ukuta. Kupitia ukuta huo hakukusikika mvumo tena, na ukimya ule ulikuwa mkubwa, kama nyumba imesahau wimbo wake. Mkono wake uliingia mfukoni taratibu, ukatoa simu.

Alifungua ujumbe wa saa tatu. Safari hii aliusoma.

Aliwaita wote kwenye chumba cha usaili, akasukuma kigoda katikati.

"Deus, kaa," alisema Sameer.

"Hapana," alisema Amne. "Kaa wewe."

"Mimi?"

"Sote sawa."

Sameer alikaa. Kigoda kilikuwa kifupi kwake; magoti yalimpanda kifuani.

"Asubuhi mzinga ulikuwa wazi, waya umechomolewa, nyuki wako upenuni," alisema Amne. "Saa tatu nikaambiwa nyuki wa mzinga huo ni watulivu. Nani aliniambia?"

Alimgeukia Sameer.

"Ulikuwa mbele yetu, unamshitaki Deus, na kidole kikaenda chenyewe kwenye simu. Umezoea. Umekuwa ukiziandika hizo jumbe kila asubuhi. Kunja mikono ya shati."

Sameer alifungua vifungo polepole. Vifundo vyote viwili vya mikono vilikuwa vimevimba, vyekundu.

"Kinasikia," alisema mwishowe. "Kinasikia vizuri sana. Lakini hakielewi. Upepo, nyuki, gari moshi, kwake vyote ni kelele moja. Nilidhani kitajifunza. Nikawa nabahatisha mpaka kijifunze, mwezi huu, mwezi ujao. Janvi angekifungua leo angeona. Kikiibwa, watu wanakupa pole na muda."

"Na Deus wangempa nini?"

Sameer alianza kushusha mikono ya shati.

"Wafugaji wa Puge wakarina asali mbichi kwa kubahatisha kwako," alisema Amne. "Ikachacha. Nikawaambia wasikilize kifaa." Akavuta pumzi. "Kosa langu ni moja. Kila mtu humu alikalia kigoda hicho. Wewe nani alikusaili?"

Nje gari lilisimama. Mlango wa uani, usiofungwa, ulilia bawaba. Sameer aliinuka, akatoa kisanduku nyuma ya rafu ya vitambaa alivyoacha babu yake, akakishika kwa mikono miwili kama mtu anayepeleka ndege aliyekufa.

Alimwendea Deus kwanza. "Nisamehe."

"Mwambie mgeni kwanza," alisema Deus. "Mimi nipo."

Sameer akatoka. Walimsikia akisema, kabla ya karibu na kabla ya chai, "Mama, hiki kifaa hakifanyi kazi. Nimewadanganya watu." Kisha sauti ya mwanamke ikisema aeleze upya, toka mwanzo.

Alasiri, Deus alipaka nta mzinga mwingine, akauweka chini ya upenu. Kundi lilianza kujimwaga ndani, taratibu, kama asali yenyewe. Hakuna aliyejua bado kama kesho kutakuwa na kampuni.

Amne alitega sikio kwenye mbao.

"Wanasemaje?" aliuliza.

Deus naye akatega. Akasikiliza muda mrefu.

"Sijui, dada."

Amne akafumba macho, akaendelea kusikiliza.