Bubu wa Chumba cha Mwisho

Katika nyumba ile ya wapangaji, kila mtu alimwita Bubu. Alikaa chumba cha mwisho, karibu na bomba, pamoja na bintiye mdogo. Alifua nguo za watu. Mteja akileta mzigo, Bubu alitaja bei kwa vidole. Sokoni alinyooshea nyanya kidole, na zikiwa mbovu alitikisa kichwa.

"Maskini, Mungu kamnyima ulimi," watu walisema mbele yake, wala hawakupunguza sauti.

Bubu alisikia yote. Na kusema alijua.

Yeye na familia yake walikimbia vita. Njiani, wenye bunduki waliwasimamisha. Walimtaka kila mtu mzima aseme maneno machache, wasikie lafudhi yake. Mumewe alisema. Wakamtenga, wakaondoka naye. Kabla zamu ya mkewe haijafika, mvua kubwa ilishuka na watu wakatawanyika. Mke alivuka mpaka kimya, mimba changa tumboni, mtoto mkononi. Ugenini aliona heri kuitwa bubu kuliko kujulikana. Hata bintiye alimfundisha kunong'ona. Mtoto wa watu akawa hachezi na wenzake, maana nani anacheza kwa kunong'ona?

Tumbo likakua. Bubu hakukanyaga kliniki. Kliniki wanauliza: unaitwa nani, umetoka wapi, baba yuko wapi?

"Nitazaa humu humu," alijiambia. "Nitauma shuka, nisipige kelele."

Asubuhi moja aliamka uso umevimba. Vidole vilikuwa vinene, hata ngumi haikunjiki. Kichwa kilimgonga kama kinatwangwa. Alipoinama juu ya beseni, aliona nyota zikirukaruka. Akajifunga kitambaa kichwani, akaendelea kufua. Mchana alishindwa. Akajikokota ndani, akajilaza.

"Mama, mbona macho yako yamekuwa madogo?" bintiye alinong'ona.

"Uchovu tu, mwanangu."

Mlango ukagongwa. Bubu akashtuka, akamvuta mtoto na kumziba mdomo.

"Ni mimi, Mama Povu."

Mama Povu alikuwa jirani wa ukuta mmoja. Alitengeneza sabuni ya maji na wanawake wenzake, ndiyo maana wakampa jina hilo. Bubu hakufungua.

Mama Povu akashusha sauti. "Nimekuona bombani ukipepesuka. Na ukuta huu ni wa mbao, mwanangu. Kila jioni nasikia ukimwimbia mtoto. Wimbo mzuri, ingawa katikati unaukosea." Akacheka kidogo. "Sijamwambia mtu. Siri ya mtu ni nguo yake, mimi ni nani nimvue hadharani? Hutaki kusema, usiseme. Kama ni ndiyo, gonga ubao. Kichwa kinauma sana?"

Bubu alisita. Akagonga.

"Unaona nyota?"

Akagonga.

"Uso umevimba? Na mikono?"

Akagonga, akagonga tena.

Sauti ya Mama Povu ilibadilika. "Fungua sasa hivi, mama. Hilo si jambo la kulala nalo."

Bubu akafungua. Mama Povu alimtazama uso, akamshika mikono.

"Mdogo wangu alikuwa hivi hivi. Tukamwambia apumzike, ni uchovu. Kumbe ni presha ya mimba. Akashikwa na degedege, ndicho kifafa cha mimba. Tulimzika yeye na mtoto wake. Mjamzito akivimba uso na mikono, kichwa kikimuuma sana, akiona nyota, au akiumwa chini ya mbavu, hangoji kesho. Anakwenda hospitali saa hiyo hiyo."

"Nikisema watajua," Bubu alisema. Sauti ilitoka imekwaruza. "Watanichukua kama walivyomchukua mume wangu."

"Hofu yako ina sababu, siicheki. Lakini kifo hakiulizi lafudhi. Ogopa, ila twende. Hatutakuacha peke yako."

Akawaita wenzake wa sabuni. Mmoja alibaki na mtoto. Wawili walimshika Bubu, mmoja kila upande.

Kwenye geti la hospitali alisimama mlinzi, kirungu mkononi. Bubu alipoiona sare, alirudi nyuma hatua moja.

"Nyinyi, wapi?" mlinzi aliuliza.

"Baba, tumbo hili hulioni?" Mama Povu alisema. "Au unataka azalie kwenye kiti chako?"

Mlinzi akapisha haraka.

Ndani, muuguzi alimfunga Bubu kipimo cha presha mkononi. "Kichwa kimeanza lini?"

Mama Povu alifungua mdomo, akaufunga. "Muulize mwenyewe. Kichwa ni chake."

Bubu aliutazama mlango. "Tangu jana usiku," alisema, "lakini leo kimezidi." Lafudhi yake ilitoka yote. Mwanamume mmoja kwenye benchi akageuza shingo. Bubu akafumba macho, akangoja.

Muuguzi hakuinua hata uso. "Nyota unaziona hata sasa?"

"Ndiyo."

"Mtoto anacheza tumboni?"

"Anacheza."

"Presha iko juu sana. Mmefanya vizuri kuja. Unalazwa."

"Huniulizi nimetoka wapi?"

"Nitakuuliza unapokaa, nijue pa kukutafuta ukikosa kliniki."

Alichomwa dawa ya kuzuia degedege na akapewa ya kushusha presha. Kila viatu viliposikika koridoni, alishika shuka kwa nguvu. Lakini kando ya kitanda palikuwa na mwanamke wa sabuni, kwa zamu. Mtoto alizaliwa mdogo, wa kiume. Alilia wodi nzima ikasikia, na hakuna aliyemnyamazisha.

Presha iliendelea kupimwa hata baada ya kujifungua, maana hatari haiishi siku ya kuzaa. Wanawake wale wale walimsindikiza ofisi ya wakimbizi, akaandikishwa. Kisha wakampa mwiko wa kukorogea sabuni.

"Jamani Bubu, tuachie nasi tuseme!" Mama Povu humtania.

Siku hizi anauza sabuni sokoni. Akija mteja mjamzito, humuuliza, "Dada, umeshapimwa presha?" Wengine wakisikia lafudhi yake hugeuka kumtazama. Moyo wake bado hudunda. Lakini humaliza kumweleza mjamzito yule dalili zote, hadi ya mwisho.