Nguo za Mtoto wa Naima

Asubuhi moja mwaka 1994, huko Kunduchi, Bi Mwanaheri alifungua sanduku lake. Harufu ya naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuzia mende, ikajaa nyumba nzima. Humo alitunza kanga na nguo za watoto wachanga. Kila mtoto wa nyumba ile alivishwa hizo. Bibi huyu na sanduku lake, usimguse!

Mkwewe Naima alikuwa na mimba ya miezi minane. Alimsaidia kukunja nguo, lakini alikuwa na hofu. Mtoto wake wa kwanza aligeuka manjano siku chache baada ya kuzaliwa, akafa.

Jirani yao Gladness, muuguzi wa kliniki, akapiga hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mh! Naftalini yote hiyo! Naima, kwenu kuna mtu mwenye tatizo la damu?"

"Kaka yangu Twalib. Alimeza dawa ya malaria, akakojoa mkojo mweusi kama chai ya rangi. Hospitali walisema damu yake ina kasoro, kazaliwa nayo."

Gladness akakaa mkekani.

"Basi sikilizeni. Kasoro hiyo inarithiwa. Mama anaweza kuwa nayo asiumwe, ila akampa mtoto, hasa wa kiume. Damu hiyo haivumilii dawa fulani, wala naftalini. Mtoto mwenye damu hiyo akivishwa nguo hizi, damu inaharibika, anakuwa manjano."

Kanga ikamdondoka Bi Mwanaheri.

"Yaani mie ndiye niliyemuua mjukuu wangu?"

"Hatujui, mama. Hakupimwa. Tumlinde huyu anayekuja. Naima, usikae karibu na naftalini. Usimeze dawa bila kuuliza kliniki, na waambie habari za Twalib. Kajifungulie hospitali. Mtoto mtazame macho kila siku. Ukiona manjano, mkimbize hospitali, usingoje."

Bibi alilia sana. Kesho yake alinunua kitambaa kipya, akashona nguo za mtoto mwenyewe.

Akazaliwa mtoto wa kiume. Hospitali walimpima, wakakuta damu yake ni kama ya mjomba wake. Kila asubuhi bibi alimtazama macho dirishani. Yalikuwa meupe.

Siku ya arobaini, Chausiku, wifi yake bibi, alikuja na kanga ya zawadi. Ilinuka naftalini. Bi Mwanaheri akamwahi mlangoni.

"Wee! Hiyo ibaki nje!"

"Jamani, wifi! Unaikataa zawadi yangu?"

"Ahsante, nimeipokea. Lakini haiingii humu. Mjukuu mmoja nimeshamzika. Huyu simpotezi!"