Foleni ya Jumba la Aldersley

Mvua ya Jumatatu ya sikukuu iliwafukuza watalii bustanini, wakajazana ghorofani, katika chumba cha kulala cha mabwana wa zamani wa Aldersley. Kanuni ilikuwa kuingia wachache wachache, kwa kuwa boriti za sakafu zilikuwa zimechoka. Imogen, msimamizi wa chumba, aliona haya kuwarudisha watu mvuani. Alisimama kando ya kitanda cha mapazia, sketi yake ya bluu imenyooka.

Ndipo akaingia Graham, koti lake la njano likichuruzika maji.

"We! Umefuata nini hapa?"

"Nimekimbia mvua. Sikujua umehamia huku. Hujambo, mpenzi?"

"Mpenzi gani? Nilimzika mama, hukupiga hata simu."

"Nilidhani unataka kuwa peke yako. Sikutaka kukusumbua."

"Una adabu kweli, bwana!"

Sakafu ikalia kama kuni inayopasuka. Kitanda kikainama.

"Tokeni, tafadhali," Imogen alisema.

Wakapanga foleni. Mlangoni, mzee mmoja alimpisha bibi mwenye kofia.

"Tangulia, bibi."

"Hata, wewe ulifika kwanza."

"Siwezi, bibi. Tangulia."

Ubao mwingine ukapasuka. Vumbi la chokaa likapanda. Bado hakuna aliyemsukuma mwenzake.

"Acheni upuuzi!" Graham alinguruma. Akamsukuma mzee nje, akamvuta bibi, kofia ikaanguka. "Tokeni! Wote!"

"Kijana huyu hana malezi!" bibi alilalamika, tayari akiwa salama koridoni.

Alibaki Imogen, upande wa pili wa chumba.

"Nenda tu," alisema, meno yakigongana. "Nitafuata."

"Unaweza kutembea?"

Alijaribu kuinua mguu. Haukuinuka.

"Siwezi. Graham, njoo unichukue."

Graham alipita akiwa amebana mgongo ukutani, ambako boriti zilishikwa na mawe. Akamkamata kiuno, wakarudi hatua kwa hatua. Walipovuka kizingiti, kitanda kilizama na sakafu yake hadi chumba cha chini.

Kwenye ngazi, Imogen alikuwa bado anatetemeka.

"Mbona hukuniita hivyo siku ya mazishi?" Graham aliuliza.

"Ningekusumbua."

"Nisumbue, Imogen. Nioe, unisumbue mpaka uzeeni."

"Mwanamume ndiye anayeoa, mjinga wewe." Alicheka, kisha akalia, na Graham hakugeuza uso. "Nimekubali. Sasa nishike vizuri. Bado naogopa."