Usimwitikie Adabu

Maige alikuwa anakula wali na samaki kwa mama ntilie, nje ya stendi ya Geita, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alikuwa anakula taratibu. Hakuwa na mtu wa kwenda kumwokoa. Begi lake lilikuwa chini ya benchi, magoti yalikuwa yamepumzika kidogo, na gari la Nkome lilikuwa bado linaita abiria. Vumbi lilikuwa la kawaida, jua la kawaida, na bodaboda walikuwa wakitaniana kwa matusi kama kawaida yao.

Watu wa ukanda ule wa dhahabu, kuanzia Shinyanga mpaka Geita, walimjua kwa kazi moja. Ukiwa na kitu kinachokusumbua, na kitu chenyewe si mtu wala mnyama, unamtafuta Maige. Si mganga, na alichukia sana kuitwa hivyo. Hakupiga ramli, hakuuza dawa za utajiri, na hata siku moja hakumtaja mtu kuwa mchawi, maana alishaona vikongwe wasio na hatia wakimalizwa kwa midomo ya watu. Yeye alikuwa mwindaji tu. Unamwita, anakuondolea, anaenda zake. Wiki hiyo alikuwa ametoka Kahama, upande wa Buzwagi, kumtoa fisi mwenye shanga kiunoni kwenye ua wa bwana mmoja wa kusaga mawe. Fisi alimng'ata mkono, na yule bwana akalalamika kwamba mchicha wake umekanyagwa. Ndivyo kazi yenyewe ilivyo, na Maige alikuwa ameichoka mpaka basi.

Safari hii alikuwa anaacha. Kila fundi husema hivyo, najua, na kesho unamkuta kazini. Lakini Maige alikuwa na pa kwenda. Suzana, binti yake wa pekee, alikulia Nkome kwa mama zake wadogo bila kumjua baba. Mwaka uliopita alimtafuta mpaka akampata, na hakuja kulaumu. Alimwambia tu, "Baba, njoo ukae kwangu. Nauza dagaa, hatutashindwa kula. Ila hiyo kazi yako iache huko huko, mimi nina mtoto mdogo." Maige alijifanya kucheka. Alipobaki peke yake alilia, mtu mzima yule. Sasa alikuwa anaenda kwa mwanawe, na hakutaka kingine chochote duniani.

Ndipo mwanamke mmoja akaja akakaa mbele yake bila kukaribishwa. Aliitwa Bhoke, Mkurya, mwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimba dhahabu, nje kidogo ya mji, na wachimbaji wake walimwita Mama Ghati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee Maige, nina mtu wangu anakufa."

"Mpeleke hospitali, Mama Ghati. Mimi nasubiri gari."

"Nimempeleka. Wamempima kila kitu, hawaoni ugonjwa." Bhoke aliangalia nyuma yake, kisha akashusha sauti. "Ni Adabu."

Maige akaweka kijiko chini.

Wachimbaji ni watu wa kupachika majina, na kile kitu walikiita Adabu kwa sababu ya tabia yake. Kinakaa kwenye maduara yaliyochimbwa yakaenda chini sana, na kazi yake ni kusalimia. Uko peke yako na sululu yako, unasikia mtu nyuma yako anasema shikamoo. Sauti ni ya yule ambaye moyo wako unamtamani kuliko wote. Na sisi tumelelewa. Mtu akituamkia, kinywa kinaitikia kabla hatujawaza. Ukishasema marahaba umekubali kuwa mkubwa wake, na mkubwa ana wajibu wa kulisha. Sasa Adabu hali ugali. Anakula pumzi yako, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka unabaki mwepesi kama gunzi.

Dawa yake ni kumkana. Aliyemwitikia anatakiwa aseme kwa kinywa chake kwamba hamjui na si wake, na neno hilo halirudishwi. Ukilirudisha, naye anarudi. Watu wengi hawawezi kulisema. Kwa hiyo Maige alikuwa na njia yake. Adabu akipata mkubwa zaidi humwacha mdogo, basi Maige anashuka, anaitikia yeye, kitu kinahamia kwake, halafu anakikana. Kwake ilikuwa rahisi kwa sababu hakuwa na mtu. Kwa wengine Adabu alikuja na sauti za wapendwa wao. Kwa Maige alikuja na mkwaruzo tu, jiwe likiburuzwa juu ya jiwe. Anamkana, anapanda juu, anaomba maji ya kunawa.

"Ana watoto?" aliuliza.

"Wanne wamebaki. Mkubwa, Herman, aliangukiwa na kifusi masika."

Gari la Nkome liliondoka. Maige alipanda nyuma ya pikipiki ya Bhoke, amekasirika, akijiambia kwamba atawahi gari la jioni. Hakuwaza zaidi ya hapo, na laiti angewaza.

Mgonjwa mwenyewe, Marselino, walimkuta amekaa kwenye mdomo wa duara, jua la mchana likimpiga kichwani. Shati lake lilikuwa kubwa kana kwamba ameazima, ingawa lilikuwa lake. Wenzake wote walikuwa wamekimbilia maduara mengine. Yeye tu ndiye aliyekuwa bado anashuka kila siku, bila sululu, bila gunia, anakaa kule chini akizungumza.

"Baba Herman," Bhoke alisema kwa upole, "mzee amekuja." Kisha akarudi nyuma, mbali kabisa na shimo.

Marselino hakuinua kichwa. "Wewe ndiye umekuja kumwua mwanangu mara ya pili?"

"Mwanao ulimzika," Maige alisema. "Udongo uliutupia mwenyewe."

"Najua. Ananijia ndotoni, mzee. Kila nikilala namwona. Nasikia mtu akimkana Adabu, mtu wake haji tena. Ni kweli?"

Maige angeweza kumdanganya. Kazi ingekuwa nyepesi.

"Ni kweli. Wewe unaendelea kumkumbuka. Yeye ndiye hakujui tena."

"Basi siwezi."

"Sikwambii uweze. Nitamkana mimi. Mimi sina mtu, hakuna cha kukatika. Wewe utabaki na ndoto zako na utapona."

Marselino alimtazama kwa mara ya kwanza. Macho yalikuwa yamezama ndani. Akaitikia kwa kichwa, akashika kamba.

Walishuka. Maige alikanyaga miti iliyokinga kuta, mmoja baada ya mwingine, na kila mti magoti yalimkumbusha umri wake. Mwanga wa juu ulipungua ukawa kama sahani, kisha kama kifuniko cha soda. Joto lilipanda. Chini kabisa kulikuwa na njia ya kutambaa, na mwisho wa njia hiyo nafasi ya kukaa watu watatu. Marselino alikaa upande wake aliouzoea. Maige alikaa mkabala naye, akamulika kwa tochi ya kichwani. Kati yao tope lilikuwa limebonyea, umbo la mtu aliyekuwa amekaa hapo.

Wakasubiri.

Palikuwa kimya, ila pumzi zilisikika. Maige alizisikiliza kama alivyojifunza. Ya kwanza ilikuwa yake. Ya pili ilikuwa ya taratibu, nzito, ya mtu aliyeshiba. Alimtazama Marselino kifuani. Kifua kilikuwa kimetulia kabisa.

"Shikamoo, baba."

Sauti ya kijana. Imekwaruza kidogo, imejaa heshima. Machozi yalimtoka Marselino, midomo ikaanza kufunguka. Maige aliruka akamziba mdomo kwa kiganja.

"Marahaba," akasema yeye.

Pumzi ile ikakatika. Vijiwe vikaporomoka mahali fulani. Kisha kitu kikageuka gizani, kikamsogelea. Hakukiona, lakini kwenye tope, mbele ya tochi, kisigino kilijichora. Kikafuata kingine. Vikaishia kwenye magoti yake.

Maige alisubiri ule mkwaruzo wa jiwe. Ikaja harufu kwanza. Dagaa. Dagaa wa kuanikwa juani, kule chini, ndani ya mwamba.

"Shikamoo, baba."

Ilikuwa sauti ya Suzana. Ile ile, na ile "baba" anayoivuta kidogo mwishoni, kwa sababu hajaizoea.

"Chumba kipo tayari," sauti ilisema. "Mbona unachelewa?"

Ndipo Maige alipoelewa alichokifanya. Miaka yote alishuka mashimoni akiwa hana mtu. Leo ameshuka akiwa naye. Amemleta mwenyewe.

Maneno ya kazi yalikataa kutoka. Suzana alikuwa hai, asubuhi hiyo hiyo walikuwa wameongea kwenye simu. Hakuna mtu aliyewahi kumkana Adabu mwenye sauti ya mtu aliye hai, na Maige hakujua ni nini kingekatika. Lakini akinyamaza alijua vizuri. Kingepanda naye. Kingeingia naye kwenye gari la Nkome. Kingekaa kwenye chumba kile, na siku moja mjukuu wake angekisikia kikimwamkia bibi wa jirani, au mama yake.

"Mayu," alinong'ona. Ndivyo alivyozoea kumwita Suzana, yaani mama kwa Kisukuma. "Mayu, nisamehe."

"Baba? Hunitaki?"

Pumzi ilikuwa karibu sana na uso wa Maige. Aliisikia ikivuta, na kifua chake kikapungua.

"Sikujui," Maige alisema.

Ile pumzi ikasita usoni pake.

"Wewe si mwanangu. Sina mtoto."

Hakikupiga kelele. Kililia tu, kilio kidogo cha mtu mzima anayejizuia mbele za watu, na kilio kikarudi nyuma ndani ya mwamba mpaka kikaisha. Mbele yake Marselino alivuta hewa kwa nguvu, kama mtu aliyetolewa majini, akaanza kukohoa.

Juu, Marselino aliomba maji, akayamaliza, akaomba uji. Bhoke alipiga kigelegele akashika mikono ya mzee akimshukuru. Maige aliitoa mikono yake. Alikuwa na simu mfukoni na hakuipiga. Aliogopa sauti itakayopokea, na aliogopa zaidi isipopokea. Alipanda gari la jioni, akakaa dirishani, hakusema na mtu njia nzima.

Alifika Nkome jua likiwa bado lipo. Wanawake walikuwa wanazoa dagaa kutoka kwenye nyavu walizoanikia. Suzana alikuwa mmoja wao, mzima kabisa, mtoto amelala mgongoni. Maige alisimama akicheka peke yake kwa furaha. Suzana alimwona, akajifuta mikono kwenye khanga, akasogea.

"Shikamoo, mzee. Unamtafuta nani?"

Hakuwa anatania. Alimtazama kwa ukarimu, kama anavyotazamwa mzee yeyote aliyechoka na safari. Maige alifungua kinywa aseme mimi ni baba yako. Akakumbuka kwamba neno lile halirudishwi, na nini kingerudi nalo. Mtoto alijigeuza mgongoni mwa mama yake, akaendelea kulala.

"Marahaba," Maige alisema. "Natafuta pa kulala."

"Una bahati," Suzana alicheka. "Kuna chumba hapo nimekipaka chokaa, na kitanda nimenunua. Ukiniuliza nilikuwa namtegemea nani, sikumbuki hata kidogo. Karibu ndani, mzee, unaonekana umechoka."

Yupo Nkome mpaka leo. Ni mpangaji. Kodi analipa, dagaa anasaidia kuanika, na mtoto ndiye anayembembeleza yeye, mama yake anapokuwa mwaloni kwenye mitumbwi ya wavuvi. Kila asubuhi Suzana anamwamkia, naye anaitikia marahaba, halafu anafunga mdomo. Wazee wote wa pale wakiamkiwa huongeza "mwanangu". Yeye hajaongeza hata siku moja, na majirani wanasema mzee yule ana roho ngumu.

Wauza dagaa wa Nkome huandika majina yao na ya baba zao kwenye mabeseni ili yasichanganywe. Ya Suzana yameandikwa kwa rangi nyekundu, ndani ya mstari uliochorwa kuzunguka jina lote: SUZANA, halafu nafasi tupu inayotosha jina lingine. Haijakwanguliwa, haina hata alama ya kucha. Amemwita fundi wa kuandika majina ya mitumbwi aichoree ua, japo ipendeze, na fundi amekuja mara kadhaa. Rangi inakauka kila mahali, ila pale haishiki. Asubuhi nafasi ile inakutwa safi. Suzana ameshazoea, anasema labda mabeseni yalitoka kiwandani na kasoro.